Kompyuta Nzito na Sauti Inayokatika

(Maongezi kwa makatibu, wahasibu na wajumbe wa bodi za vyama wanachama)



Ushirika umejengwa juu ya neno linalosemwa hadharani. Mwanachama huuliza, mwenyekiti hujibu, mhasibu husoma hesabu, na mkutano huamua kwa mikono iliyoinuliwa. Elimu, mafunzo na taarifa ni kanuni ya tano kati ya kanuni saba za ushirika zilizopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika mwaka 1995, na sauti ni chombo cha zamani cha elimu hiyo. Wazee wanakumbuka jinsi mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania, watu wazima walivyokusanyika vikundi kwa vikundi kusikiliza redio na kisha kujadiliana waliyoyasikia. Siku hizi kompyuta mpakato moja, ikiwekwa mezani pamoja na kipaza sauti, inaweza kunasa mkutano mzima, kuuhariri na kutoa nakala kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.

Lakini mara nyingi kompyuta hiyo ni ile ile ya ofisi. Ilinunuliwa kwa ajili ya barua na hesabu, kumbukumbu yake ni ndogo, na imekwisha kutumika miaka mingi. Inapopewa kazi ya sauti huanza kujivuta, hukwama, na sauti inayonaswa hutoka ikiwa na mikwaruzo na mapengo. Maongezi haya yanakusudia kueleza namna ya kuutambua ugonjwa huo na kuutibu, kwa kuanza na dawa zisizogharimu kitu, kabla ya fedha za wanachama kutumika.

Na ichukuliwe mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Mkutano mkuu wa mwaka umechukua saa tatu, na katibu ameunasa wote kwa kompyuta ya ofisi. Wiki mbili baadaye wanachama waliokuwa na udhuru wanafika ofisini kusikiliza. Mhasibu anasikika akisoma makato, kisha anasema, "Malipo ya pili kwa kila kilo yatakuwa shilingi..." Hapo unasikika mkwaruzo, panakuwa kimya kwa kitambo kidogo, na sauti inarudi kwenye maneno "kama bodi ilivyopendekeza." Mwanachama mmoja anasema wazi kwamba kiasi kimekatwa makusudi. Bodi inajibu kwamba mashine imezeeka, na inaandaa ombi la kununua mpya. Mwanachama ana haki ya kushuku, na bodi ina haki ya kujitetea. Hata hivyo hakuna upande wenye ushahidi, kwa kuwa hakuna aliyeipima mashine.

MEZA NA GHALA

Ili kuelewa kinachotokea, yafaa kuufikiria msimu wa ununuzi. Karani ameketi penye mizani. Mbele yake ipo meza, na nyuma yake lipo ghala. Kitabu kilicho mezani hukifungua mara moja, lakini kitabu kilicho ghalani ni lazima akifuate. Kumbukumbu ya muda ya kompyuta ndiyo meza hiyo, na diski ndiyo ghala. Meza hutandazwa kazi zinazoendelea, na mashine ikizimwa meza hubaki tupu. Ghala huhifadhi mali mwaka hata mwaka.

Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 ina meza ndogo. Mfumo wenyewe wa mashine hukalia sehemu kubwa yake hata kabla mtu hajaanza kazi. Kivinjari cha intaneti kikifunguliwa kurasa kadhaa, meza hujaa. Hapo mashine haikatai kazi mpya, bali huanza kuhamisha vitu vya mezani kuvipeleka ghalani, na kuvirudisha kila vinapohitajika. Kazi hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo huonekana kama uzito. Ikiwa diski ni ya aina ya zamani, yenye sahani inayozunguka, safari hizo huwa ndefu mara nyingi zaidi kuliko kwenye diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka.

Kwa barua, ucheleweshaji huo ni kero tu. Mwandishi husubiri, kisha huendelea. Kwa sauti hali ni tofauti. Kompyuta inaponasa kwa kiwango cha kawaida huipima sauti mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Sampuli hizo huingia kwanza katika kisanduku kidogo cha mapokezi, ambacho mafundi hukiita bafa, na programu ya kunasia haina budi kukiondoa kilichomo kabla bafa haijajaa tena. Bafa ya sampuli 256 hujaa kwa muda wa milisekunde 6 hivi. Ile ya sampuli 1,024 hujaa kwa milisekunde 23. Karani akiwa bado yuko ghalani wakati huo, kinachoingia hakina mahali pa kukaa, nacho hupotea. Mkulima mwenye gunia lake atasubiri penye mizani hata jioni, lakini sauti haisubiri.

KUPIMA KABLA YA KUTIBU

Jambo la kwanza ni kujua kama pengo limo katika faili au linatokea wakati wa kusikiliza tu. Sehemu yenye mkwaruzo isikilizwe mara mbili au tatu. Mkwaruzo ukihama, mara uko hapa mara uko pale, faili ni nzima, na mashine ndiyo inayoshindwa kuisoma kwa wakati. Mkwaruzo ukirudi mahali pale pale kila mara, faili inakiliwe na kusikilizwa kwenye kompyuta nyingine. Ukisikika huko nako palepale, basi pengo liliingia siku ya kunasa, na maneno yaliyokosekana hakuna fundi awezaye kuyarudisha.

Jambo la pili ni kutazama meza imejaa kiasi gani. Kwenye mashine yenye mfumo wa Windows, vibonyezo vya Ctrl, Shift na Esc hubonyezwa kwa pamoja, na hufunguka ukurasa unaoonyesha kila programu inayofanya kazi pamoja na kiasi cha prosesa, kumbukumbu na diski inachotumia. Vipimo vichukuliwe mara mbili: mara tu baada ya mashine kuwashwa, na tena wakati programu ya sauti inanasa. Vyote viandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mashine ya chama ni mali.

Namba hizo huusema ugonjwa. Kumbukumbu ikiwa imejaa karibu yote na diski ikifanya kazi bila kupumzika, meza ni ndogo. Kumbukumbu ikiwa na nafasi ya kutosha lakini diski imefika asilimia 100, kasoro iko kwenye diski, au ipo programu inayoipekuapekua kwa siri. Prosesa ikiwa ndiyo iliyojaa, kazi yenyewe ni nzito kupita uwezo wake, au mashine imepata joto. Vyote vikiwa na nafasi na bado sauti inakatika, waya, kipaza sauti na kadi ya sauti vikaguliwe, kwa maana waya uliolegea nao hukata sauti.

DAWA ZISIZOGHARIMU

Siku ya kunasa mashine ianzishwe upya. Katika Windows za miaka hii, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo ili uwake haraka kesho yake, kwa hiyo uchafu wa jana unaweza kubaki. Amri ya kuanzisha upya ndiyo inayosafisha meza kwa ukamilifu.

Baada ya hapo kila programu isiyohitajika ifungwe, kivinjari kikiwa cha kwanza. Zipo pia programu zinazojiwasha zenyewe kila mashine inapoamka, kama vile za ujumbe, za kuhifadhi nakala kwenye mtandao na za vifaa vilivyokwisha kuondolewa. Ukurasa ule ule wa vipimo huziorodhesha, na huruhusu kuzizuia zisijiwashe. Intaneti ikatwe kwa muda wote wa mkutano, ili mashine isianze kupakua masasisho mhasibu anaposoma hesabu. Programu ya kukinga virusi isiondolewe. Inatosha kuipangia ukaguzi wake mkubwa ufanyike saa nyingine.

Mashine iunganishwe na umeme, kwa sababu inapotegemea betri mara nyingi hupunguza kasi ili kubana matumizi. Izuiwe pia kulala yenyewe. Tena vumbi lisisahauliwe. Ofisi nyingi za vyama zimepakana na ghala, na vumbi la maganda ya kahawa huziba matundu ya feni. Prosesa inayopata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kompyuta iliyokuwa nyepesi asubuhi huwa nzito adhuhuri. Matundu yasafishwe, na mashine iwekwe juu ya meza ngumu, isiwekwe juu ya kitambaa.

Bafa nayo iongezwe. Bafa ndogo inamfaa mwanamuziki anayejisikiliza kupitia kompyuta huku akipiga ala, kwa sababu kwake kuchelewa kidogo tu ni usumbufu. Anayenasa hotuba hana haja hiyo. Sampuli 512 au 1,024 humpa karani nafasi ya kuvuta pumzi, na hakuna mkutanoni atakayesikia tofauti.

Kiwango cha kunasa kinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujibebesha mzigo bila kujua. Wapo wanaoamini kwamba namba kubwa ndiyo sauti bora. Sampuli 96,000 kwa sekunde, biti 24, njia mbili za sauti, huzaa megabaiti 34.6 hivi kwa kila dakika. Mkutano wa saa tatu hufikia gigabaiti 6.2. Sampuli 44,100, biti 16, njia moja, huzaa megabaiti 5.3 kwa dakika, na mkutano huo huo hautimizi gigabaiti moja. Mzigo wa kwanza ni zaidi ya mara sita ya ule wa pili. Kipaza sauti kimoja mbele ya msemaji mmoja hakihitaji njia mbili, na sampuli 44,100 zinatosha kubeba sauti zote ambazo sikio la binadamu laweza kuzisikia. Isitoshe, faili ya kawaida ya aina ya WAV haiwezi kuvuka gigabaiti 4. Anayenasa kwa kiwango kikubwa mno anaweza kukuta faili imeharibika au imekatika katikati ya mkutano.

Diski iachiwe nafasi. Sauti inaswe kwenye diski ya ndani ya mashine, na kunakiliwa kwenye flashi baada ya mkutano, kwani flashi nyingi za bei nafuu huandika polepole. Mkutano mrefu ugawanywe: kila inapomalizika ajenda kubwa, faili ihifadhiwe na nyingine ifunguliwe. Kwa njia hiyo hata tatizo likitokea haliwezi kumeza siku nzima.

Katika uhariri kanuni ni kufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Kuondoa mvumo wa feni, kusawazisha sauti za wasemaji na kukata vikohozi ni kazi zinazokula prosesa na kumbukumbu zikiachwa zitendeke zote kwa pamoja kila sauti inapochezwa. Ni nafuu kuifanya moja, kuihifadhi ndani ya faili mpya, kisha kwenda kwenye inayofuata. Faili ya asili isiguswe kamwe. Inakiliwe mahali pawili na kubaki kama ilivyonaswa, ili atakayekuwa na shaka aweze kuilinganisha na ile iliyohaririwa.

FEDHA INAPOKUWA HAINA BUDI KUTOKA

Yawezekana hayo yote yakatendeka, vipimo vikachukuliwa upya, na meza bado ikaonekana imejaa. Hapo gharama ina sababu yake. Hata hivyo kununua mashine mpya si hatua ya kwanza.

Ikiwa namba zinaonyesha upungufu wa kumbukumbu, iongezwe kumbukumbu, tuseme kutoka gigabaiti 4 kufikia 8. Kabla ya kulipa, fundi aulizwe mambo matatu. La kwanza, je, mashine ina nafasi ya kuchomeka kipande kingine, au kumbukumbu yake imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao? Kompyuta nyingi nyembamba zimechomelewa, na hizo haziongezeki. La pili, ni aina gani inayohitajika? Kipande cha DDR3 hakiingii palipotengenezwa kwa DDR4. La tatu, je, mfumo wa mashine ni wa biti 64? Mfumo wa kawaida wa Windows wa biti 32 hauwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiongezewa.

Ikiwa kumbukumbu inatosha na diski ndiyo iliyoelemewa, diski inayozunguka ibadilishwe kwa diski ya chipu. Mabadiliko hayo huifanya hata kompyuta ya zamani iwake na kufungua programu upesi. Lakini ieleweke kwamba ghala jipya halipanui meza. Linafupisha tu safari ya karani.

Lipo pia suala la mfumo. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya kampuni iliyoitengeneza tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu na gigabaiti 64 za diski, pamoja na masharti mengine ya usalama ambayo mashine nyingi za zamani hazitimizi. Tena kiwango cha chini ni ruhusa ya kupita mlangoni tu, hakimhakikishii mtu mahali pa kukaa. Kwa mashine iliyotengwa kwa ajili ya sauti, mfumo mwepesi wa Linux pamoja na programu ya Audacity, ambavyo vyote hupatikana bila malipo, unaweza kuirudishia uhai. Sharti ni kwamba awepo mtu wa kuujifunza, na programu za hesabu za chama zisiwe zinaitegemea mashine hiyo hiyo.

JARIBIO LA KUHESABU

Kabla ya mkutano mkuu mashine ijaribiwe katika hali ile ile itakayotumika: kipaza sauti kile kile, waya ule ule, programu zile zile. Mtu mmoja ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, bila kusita, kama wanavyohesabiwa magunia yanaposhushwa, na aendelee kwa nusu saa akipokezana na mwenzake. Halafu wote wawili wasikilize. Namba iliyorukwa hujitangaza yenyewe, na dakika yake huandikwa daftarini. Jaribio likipita bila pengo, mashine iaminiwe kwa kadiri hiyo. Likishindwa, kilichobadilishwa kibadilishwe kimoja kimoja, na hesabu ianzwe upya, la sivyo haitajulikana dawa iliyoponya ni ipi.

Hata baada ya kufaulu, kiwepo chombo cha pili. Simu ya mjumbe iliyowekwa mezani ikinasa kwa wakati mmoja yatosha. Na muhtasari ulioandikwa kwa mkono, ukasomwa na kuthibitishwa na wanachama, unabaki kuwa kumbukumbu rasmi ya mkutano. Sauti iliyonaswa huusaidia muhtasari, wala haichukui nafasi yake.

Sasa ule mfano wa chama cha kahawa waweza kumalizwa. Katibu aichukue mashine mbele ya mwanachama aliyelalamika na mjumbe mmoja wa bodi. Faili ya asili isikilizwe kuanzia mwanzo, na kila pengo liandikwe. Kisha jaribio la kuhesabu lifanyike kwa mipangilio ile ile iliyotumika siku ya mkutano. Ikiwa mapengo yametapakaa katika saa zote tatu, hata mahali pa salamu na sala ambapo hakuna mwenye sababu ya kukata, na namba nazo zikirukwa kwa namna ile ile, mwanachama atakuwa amejionea mwenyewe udhaifu wa mashine. Ikiwa pengo ni moja tu, nalo liko mahali pa shilingi, na namba zote zinasikika, bodi itakuwa na deni la maelezo. Kiasi cha malipo ya pili kitafutwe katika muhtasari na katika vitabu vya mhasibu, kisha kisomwe tena hadharani kwenye mkutano unaofuata.

Ombi la kununua mashine mpya nalo lisubiri. Bodi itakapoletewa karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, dawa zilizojaribiwa na gharama ya kila njia, itaweza kuamua kwa haki. Bodi isiyoletewa karatasi hiyo ina wajibu wa kuidai, kwa sababu kila shilingi itakayotoka imekatwa kwenye kilo za mkulima.

Ushirika udumu.